Shajara ya mradi: viboksi vya kupima maji kwenye shamba la mkonge, Korogwe

4 Februari

Leo tumelizunguka shamba kwa pikipiki, mimi na fundi mkuu wa kiwanda, kuanzia mtoni hadi kilimani. Kazi yenyewe haina maneno mengi: meneja anataka kujua maji yako wapi bila kumtuma mtu kwenda kuchungulia. Korona inakunywa maji muda wote inapofanya kazi. Maji yakikatika, jani linarundikana nje, singa inachafuka, na matrekta yanayotoka shambani yanapanga foleni. (Kwa wasiokulia Tanga: korona ni mashine inayoponda jani la mkonge mpaka ibaki singa. Jina hilo tunalo tangu zamani sana kabla ya ule ugonjwa.)

Vituo ni vinne. Mtoni, kwenye Pangani, kuna pampu mbili za umeme na mita ya maji yenye waya wa RS-485 (waya wa data wa mitambo ya viwandani) ambao tangu ufungwe haujaunganishwa na chochote. Kilimani kuna tangi la chuma la lita 225,000 na hakuna umeme. Kambini kuna kisima cha pampu ya sola. Nyuma ya kiwanda kuna bwawa la maji machafu ya korona, ambalo halitakiwi kufurika hata siku moja, maana likifurika maji yale yanarudi mtoni.

Kwa sasa mfumo wa taarifa ni mzee mmoja, mlinzi wa tangi. Anapanda ngazi, anazamisha kijiti, anashuka, anapiga simu kiwandani. Usiku hapandi, na hakuna wa kumlaumu.

5 Februari

Nimerudi kilimani peke yangu na kipima mtandao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe wa mitambo?"

Nikamweleza: tutafunga geitiwei, kisanduku kidogo chenye laini ya simu ndani, kisome kina cha tangi na kutuma namba ofisini. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwuzaji aliyewahi kuniuliza: "Sasa hiyo laini yenu itashika wapi? Hapa kwenye tangi mtandao hakuna."

Akanipeleka kwenye mwarobaini, kama hatua thelathini. Kuna msumari kwenye shina, na kiswaswadu chake kinaning'inia hapo kutwa nzima. Kikilia, anakifuata.

Nikapima. Ubavuni mwa tangi, 4G ilikuwa dBm -118. Msumarini, -106. Nilipoiinua antena juu ya mlingoti wa mita 4 kando ya mti, -101. Kwa wasiozizoea namba hizi: inayokaribia sifuri ndiyo bora, na kwa 4G ukishuka chini ya -110 unaanza kuomba dua. Tangi lenyewe limesimama katikati ya antena na mnara, na chuma cha ukubwa ule ni ukuta. Kwa hiyo antena itakaa kwa mwarobaini, hata kama mchoro wangu wa awali, wenye kila kitu kimefungwa vizuri kwenye tangi, ulipendeza zaidi.

2G pale iko vizuri sana. Nitarudi kwenye hilo.

11 Februari

Nina aina tatu za geitiwei mezani.

Ya kwanza ni ruta ya viwandani ya 4G, ya daraja la kasi liitwalo Cat 4, niliyosukumiwa na rafiki anayefunga kamera za ulinzi. Ni kifaa imara. Nimekipima: wastani wa mA 300 kwenye volti 12, yaani wati 3.6, sawa na wati-saa (Wh) 86 kwa siku. Betri ya UPS ya volti 12, Ah 7, ina Wh 84 ukiikamua hadi tone la mwisho. Yaani ruta hii inakula betri nzima kila siku, na tone la mwisho la betri ya asidi ndilo linaloiua. Mtoni kwenye umeme ingekaa bila shida. Kilimani ingehitaji paneli ambayo ingetushinda kulinda, na kwa kweli ingekuwa imeezekwa kwenye nyumba ya mtu kabla ya Idi.

Ya pili ni kiboksi cha NB-IoT, mtandao wa simu uliobuniwa kwa ajili ya vifaa na si watu. Hiki nilikipenda kabla sijakifungua. NB-IoT iliwekwa kwenye viwango vya 3GPP, chombo kinachoandika kanuni za mitandao ya simu, mwaka 2016, pamoja na nduguye LTE-M, kwa kazi za namna hii hasa: data kidogo, mahali pabaya, betri ndogo. Kimahesabu inavumilia upotevu wa mawimbi hadi dB 164, wakati GSM ya kawaida, yaani 2G, inaishia karibu na 144. Tena ina hali ya kulala ambapo kifaa kinauambia mtandao "usinitafute mpaka nitakapokuja mwenyewe," kinabaki kimeandikishwa, na kinatumia maikroampea chache tu. Ndani kina betri ya lithiamu ya volti 3.6, Ah 19, isiyochajiwa, ambayo mtengenezaji anaiahidia miaka.

Lakini sifa zote hizo ni za ndoa, zinahitaji wawili. Tuliweka laini za kampuni tatu kilimani kutwa nzima, na hakuna hata moja iliyojiandikisha kwenye NB-IoT. LTE-M vilevile. Huenda mambo yakabadilika, lakini korona inataka maji msimu huu.

Ya tatu ni kiboksi cha LTE (yaani 4G) cha daraja la Cat 1 bis, chenye 2G ya akiba. Cat 1 bis inatumia 4G ile ile ya simu za watu, kwa antena moja badala ya mbili. Kasi yake inafika Mbps 10, ambazo hatuna matumizi nazo kabisa. Tunachokihitaji ni kwamba simu inaposhika 4G, nacho kinashika. Kina mlango wa RS-485, milango miwili ya 4–20 mA (sensa inasema kipimo chake kwa kiasi cha mkondo wa umeme), na kinajua kulala.

Nimeulizwa ofisini kwa nini tusinunue vya 2G pekee, ambavyo ni nusu ya bei, na mtandao wa 2G kilimani ni mzuri. Jibu langu la kwanza ni kwamba AT&T ya Marekani ilizima 2G Januari 2017, na vifaa vyote vilivyoitegemea vikageuka chuma chakavu. Kitu ninachotaka kikae miaka minane juu ya mti sikifungi kwenye teknolojia ambayo wengine wameshaizika. Jibu la pili ni la umeme. Kwenye mawimbi ya MHz 900, modemu ya 2G inaruhusiwa kupaza hadi wati 2, wakati ya LTE inaishia wati 0.2. Na 2G haipazi mfululizo. Inapiga mapigo mafupi, 217 kwa sekunde, na kila pigo linaweza kuvuta hadi ampea 2 kutoka kwenye betri. Waya ukiwa mwembamba, volti inashuka, modemu inajizima, inawaka, inatafuta mtandao, inapiga tena, inajizima. Kwenye kazi moja ya zamani nilihangaika wiki mbili nikiilaumu laini, kumbe mkosaji ni mita tatu za waya wa spika.

19 Februari

Siku nzima ya hesabu. Nimekiweka kiboksi cha tatu kwenye kipima ampea-saa, maana mita ya kawaida haiwezi kuyaona mapigo mafupi.

Kikilala: mA 1 kwenye volti 12. Hiyo ni Wh 0.29 kwa siku. Kikiamka kutuma: wastani wa mA 100 kwa kama dakika moja. Nikituma kila saa, ni Wh 0.48. Jumla haifiki 0.8.

Halafu nikaiongeza sensa ya kina, ile ya mgandamizo inayozamishwa tangini. Ni ya 4–20 mA na inataka volti 24. Ukiiacha ikiwaka muda wote ni kama wati 0.5, yaani Wh 12 kwa siku. Sensa isiyo na redio, isiyotuma kitu popote, inakula mara kumi na tano ya kiboksi kizima! Dawa ni kuiwasha sekunde 10 kila robo saa, isome, izimwe: Wh 0.13. Kiboksi chetu kina mlango wa kuiwashia sensa umeme na kuukata. Kingine kilichofanana nacho kwenye karatasi, cha bei nafuu, hakina. Kwangu mashindano kati ya hivyo viwili yaliishia hapo.

Kisha nikapima kitu ambacho sikuwa na mpango wa kukipima: chaji kontrola. Ile ndogo ya bluu inayouzwa kila duka la sola, yenye taa zake tatu na kioo. Inavuta mA 10 usiku na mchana. Wh 2.9 kwa siku, mara tatu ya kiboksi na sensa kwa pamoja, kwa ajili ya kumulika kioo kisichosomwa na mtu ndani ya sanduku lililofungwa. Nimeiondoa. Nimepata nyingine isiyo na kioo.

Kilimani, kwa hiyo, ni chini ya Wh 1 kwa siku kwa kiboksi na sensa. Betri ya lithiamu chuma-fosfeti ya volti 12.8, Ah 6, ina karibu Wh 77. Paneli ni wati 10, na hata kwenye wingu zito la masika inarudisha zaidi ya inavyotolewa.

26 Februari

Tumeagiza viboksi viwili vya sampuli vya aina ile ya tatu, vya watengenezaji wawili. Vyote viwili vina idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kingine nilikikataa dakika ya mwisho: bei nzuri, picha nzuri, lakini herufi ya mwisho kwenye namba ya modeli ilikuwa ya soko la Marekani. Kule GSM ni MHz 850 na 1900. Yetu ni 900 na 1800. Kingefika, kingewaka taa, na kisingesikia mnara wowote wa 2G.

9 Machi

Jaribio la debe.

Karatasi zote za wauzaji zinaeleza kifaa kikiwa na mtandao. Zinasema kikilala kinakula kiasi gani na kikituma kinakula kiasi gani. Hakuna inayosema kinakula kiasi gani kikiwa macho, kinatafuta, na hakipati. Na kilimani kwetu mnara unazimika. Mzee ananiambia masika iliyopita ulilala siku mbili.

Nikachukua madebe mawili ya mafuta ya kupikia, nikaweka kila kiboksi ndani ya debe lake pamoja na antena yake, nikafunika, nikazungushia karatasi ya alumini ile ya kuokea samaki. Simu yangu niliyoiweka humo ilipoteza mtandao, nikaridhika. Waya za umeme zikatoka nje kwenda kwenye vipimaji. Saa 12 jioni nikaondoka.

Saa 12 asubuhi nikarudi. Kiboksi A kilikuwa hakijalala hata dakika moja. Kilitafuta mtandao usiku kucha kwa mA 130 mfululizo: Wh 18.7. Kwa siku ya kawaida chenyewe hakifiki 0.8, kwa hiyo usiku mmoja wa giza ulimeza chakula cha zaidi ya wiki tatu. Siku mbili namna hiyo, usiku na mchana, na betri ya kilimani imekwisha, na mnara ukirudi hakuna wa kuupokea.

Kiboksi B kilitafuta dakika 3, kikalala robo saa, kikajaribu tena, kikalala nusu saa, kisha kikawa kinaamka mara moja kila saa. Usiku mzima Wh 1.2. Vipimo vya kila robo saa kiliendelea kuvichukua na kuviandika kwenye kumbukumbu yake, kila kimoja na saa yake.

Hapo ndipo nilipochagua. Kwenye karatasi A ni bora kidogo: analala kwa maikroampea 400 (mA 0.4) wakati B anataka mA 1. Lakini A hajui kukata tamaa. Nimemwandikia mtengenezaji wake kuuliza kama kuna mpangilio wa kubadilisha tabia hiyo. Amejibu kwa adabu kwamba kifaa kimeundwa kuhakikisha mawasiliano wakati wote.

Mwongozo wa GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, kwa watengenezaji wa vifaa hivi unadai kitu hicho hicho ambacho B anafanya: ukishindwa, subiri, kisha subiri zaidi, tena msisubiri sawasawa nyote. Sababu yao ni mnara. Umeme ukirudi na kila kifaa kikapiga hodi sekunde moja, mnara unaelemewa. Mimi nilianzia kwenye betri tukakutana njiani. Vituo vyetu vinne nimevipa dakika tofauti za kutuma: 3, 17, 34 na 48 baada ya saa.

17 Machi

Mtoni. Hapa umeme upo, kwa hiyo nilidhani ni nusu siku. Zimekwenda siku mbili.

Kwanza mita haikujibu kabisa. Waya za RS-485 ni A na B, na watengenezaji hawajakubaliana mpaka leo A ni ya chanya au ya hasi. Nikazibadilisha, ikajibu. Kisha ikajibu kwamba pampu inasukuma mita za ujazo hasi milioni 107 kwa saa. Fundi mkuu akasema kwa kasi hiyo Pangani yote ingekuwa imerudi Kilimanjaro. Namba yenye desimali inakatwa nusu mbili na kukaa kwenye rejista mbili, yaani visanduku viwili vya kumbukumbu ya mita, na mita hii inatanguliza nusu ambayo kiboksi kinaitarajia mwisho. Nilipozigeuza ikasoma 86.4, na hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kioo cha mita. Ingekuwa 86.5 kamili, kosa lile lile lingesomeka sifuri, na sifuri nisingeishtukia. Ningedhani pampu imezimwa. Nimshukuru nani sijui.

Meneja aliuliza kama tunaweza kuwasha na kuzima pampu kutoka ofisini kwa simu. Nikamwambia: bosi, kwa sasa hapana. Boya la tangini na swichi ya pampu viendelee kuamua vyenyewe kama zamani. Kiboksi kinatazama tu. Nitakubali kukipa amri siku kitakapokuwa kimetazama msimu mzima bila kunidanganya.

Ujumbe unakwenda kwa MQTT, itifaki iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakitoa taarifa kwa setilaiti, ambako kila baiti ililipiwa. Ujumbe wetu ni baiti 180. Salamu za usimbaji kabla ya ujumbe kupita ni kama kilobaiti 6. Unabisha hodi muda mrefu kuliko unavyoongea. Kwa mwezi inafika MB 4 na ushei kwa kila kituo, kwa hiyo tatizo halikuwa ukubwa wa bando, lilikuwa muda wake: mabando mengi ya bei nzuri yanaisha kwa siku au wiki, na mti hauwezi kununua vocha. Tumechukua ya mwezi, inayolipwa na ofisi.

2 Aprili

Masika imeingia na mnara ukazimika, kama mzee alivyosema. Saa 31.

Kiboksi cha kilimani kilifanya kilichofanya ndani ya debe. Mtandao uliporudi kilituma vipimo 124, kwa mpangilio, kila kimoja na saa yake, na mchoro wa ofisini ukajijaza nyuma kama vile hakuna kilichotokea. Betri haikushuka kiasi cha kusemwa.

Kosa lilikuwa langu, ofisini. Kwa saa zote 31 kioo kiliendelea kuonyesha tangi asilimia 71, kwa herufi kubwa za kijani, kwa sababu ndiyo namba ya mwisho iliyofika. Msimamizi wa zamu ya usiku aliiamini. Tangi lilikuwa limeshuka hadi 24 mzee alipofika kiwandani kwa bodaboda, amelowa, kuja kusema kwa mdomo. Na kiswaswadu chake kilikuwa kimya pamoja na kiboksi, kwani wote wawili wanategemea mnara ule ule.

Jioni hiyo nikabadilisha kioo. Namba ikipita saa mbili bila ujumbe mpya inageuka kijivu, na badala ya asilimia inasomeka "mara ya mwisho kusikika saa fulani." Mzee nimemrudishia nauli ya bodaboda, na nimemwomba radhi.

14 Aprili

Kituo cha bwawa kilikufa usiku. Nimefungua sanduku: mjusi kafiri, amekaukia kati ya chanya na hasi. Niliacha tundu moja la waya bila kizibo nikisema nitarudi kesho. Pia shaba ya viunganishi imeanza kuota kijani. Mvuke wa maji ya korona ni mkali. Nimepaka grisi na kuhamishia sanduku upande wa upepo.

6 Mei

Vituo vitatu vinatuma. Cha nne, kisima cha kambini, kinangoja waya.

Mzee aliomba naye awe analetewa namba, kwa hiyo tangi likivuka asilimia 30 kwenda chini, meseji inakwenda kwa msimamizi na kwake. Bado anapanda ngazi na kijiti kila asubuhi, bila kutumwa na mtu, na analinganisha. Wiki hii amenipigia mara mbili: kijiti kinasema sentimita 6 pungufu ya kiboksi, siku zote, si zaidi wala si chini.

Nilimwambia huenda chini kuna tope na kijiti kinasimama juu yake. Akasema huenda nilikosea kupima kamba ya sensa nilipoizamisha. Nimetazama daftari langu la siku ile, kulikuwa na mvua, na namba ya urefu wa kamba imefutika nusu. Korona inasimama Jumapili. Tutalikausha tangi na kuingia na koleo.